Kichujio cha Refa

Ssss.

Sauti ilimfikia kabla hajafungua mlango wa pili. Ilikuwa nyembamba, ya kuchokoza, kama ya mtu anayemwita mwenzake kwa meno ili wengine wasisikie. Ssss, ikanyamaza, ssss tena. Injinia alisimama katika kijichumba cha kuvalia, gauni la kinga limemfika chini ya magoti, glavu jozi mbili mikononi, akatega sikio. Hakuhitaji kuona. Barakoa ya mashine ilikuwa ikivuja juu ya pua, upande wa kushoto, na mgonjwa alikuwa ameegemea ubavu aliokatazwa.

Alisukuma mlango, akaenda moja kwa moja kitanda namba tatu, akakaza mkanda wa kushoto kidogo tu. Sauti ikakatika.

Hakuwa injinia wa chochote. Alikuwa nesi, mwaka wake wa tatu kazini, kijana wa mabega mapana na maneno mengi, na jina hilo alilipata kwa sababu mashine za wodi ile zilimtii kama mbuzi wanavyomtii mwenye chumvi. Mwenzake akihangaika na mashine inayolia, alipiga kelele, "Mwiteni Injinia!" Naye alikuja bila haraka, mikono nyuma kama mkaguzi, akagusa hapa, akapapasa pale, kimya kikatanda. "Mashine si punda," alipenda kusema. "Haipigwi, inaelezwa."

Leo macho yaliyomtazama juu ya ile barakoa ya mashine yalikuwa ya Mama Pacha.

Mama Pacha alikuwa nesi wa wodi hiyohiyo kwa miaka kumi na tisa. Ndiye aliyempokea Injinia siku ya kwanza, akamfundisha kutafuta mshipa kwa ncha ya kidole na wala si kwa macho. Ndiye aliyemwambia, "Mwanangu, mgonjwa akikutukana, shukuru. Ana pumzi." Sasa pumzi zake mwenyewe zilihesabiwa na kioo kidogo cha mashine, na siku hiyo ilikuwa ya nne tangu alazwe.

Alichukua ubao mdogo mweupe uliokuwa kifuani mwake, akaandika kwa kalamu ya wino wa kufutika: *Asante baba.*

Injinia akageuza uso, akajifanya anasoma namba.

Kazi ya mashine ile ni kusukuma hewa ndani ya mapafu yaliyochoka. Lakini hewa iingiayo lazima itoke, na kwa mgonjwa wa homa ya mapafu ya kuambukiza, kama wale wa chumba kile, haitoki peke yake. Inatoka na ugonjwa, kwa nguvu, kama mvuke wa birika. Ndiyo maana kwenye mpira wa kupitishia hewa, kati ya barakoa ya mgonjwa na matundu ya kutolea pumzi, huwekwa kichujio: kidude cheupe cha plastiki, cha mviringo, kinachoenea kiganjani. Pumzi chafu inapita hapo, ugonjwa unabaki, hewa inatoka. Barakoa ya nesi inasaidia, gauni linasaidia, dirisha lililo wazi linasaidia. Lakini hakuna anayesimama mbele ya birika linalochemka akajivunia kitambaa.

Injinia alilijua hilo kuliko wote. Hapo ndipo aibu yake ilipoanzia.

Siku kumi na moja nyuma, kitanda hichohicho kilikuwa na mzee mmoja aliyewahi kuwa mwamuzi wa mpira wa miguu. Wodi nzima ilimwita Refa. Kwa kuwa barakoa ilimnyima maneno, alitawala kwa mikono. Uji ukichelewa, alinyoosha mkono juu kama anaonyesha kadi ya njano. Sindano ikiuma, nyekundu. Metroni, mkuu wa wodi, mwanamke ambaye hata madaktari walimwamkia kwa heshima, alishakula nyekundu mbili na hakuna aliyethubutu kucheka mpaka alipotoka.

Ilipata saa tano asubuhi, mashine ya Refa ikaanza kulia. Injinia aliitwa. Alikuta mzee anavuta pumzi kwa mabega, macho yamemtoka, na kioo kinaonyesha namba zinazoshuka. Alipapasa mpira mpaka kwenye kichujio, akakiona kimelowa kama sponji. Hewa haikuwa na pa kupita.

Dawa yake ilikuwa rahisi: weka kipya. Vipya vilikuwa kwenye kabati. Ufunguo wa kabati ulikuwa kwa Metroni. Metroni alikuwa mkutanoni, ghorofa ya juu. Kumtuma mtu, aende, agonge, arudi: dakika kumi. Na nyuma ya kioo kikubwa kilichotenganisha chumba hicho na meza ya manesi, wenzake wanne walikuwa wamesimama wanamtazama Injinia wao.

Akasimamisha mashine, akachomoa kichujio, akaunganisha mpira bila kichujio, akaiwasha tena. Haikumaliza nusu dakika. Kelele zikakoma, namba zikapanda, mabega ya mzee yakatulia. Refa alifumbua macho, akainua dole gumba, kisha akaleta vidole viwili mdomoni kama anapuliza filimbi, akaonyesha kwa mikono miwili: mpira uendelee.

Nyuma ya kioo walipiga makofi. Injinia aliinamisha kichwa kama msanii jukwaani. Kichujio kilicholowa akakitupa kwenye pipa la taka hatari, akajiambia: mkutano ukiisha tu, nitaweka kipya.

Mkutano uliisha. Akaja mgonjwa mwingine, ikaja chai, yakaja mazungumzo. Saa nane mchana, saa ya kupokezana zamu, alisimama mezani na karatasi ya makabidhiano mkononi, akishusha tiki kama mtu anayepanda mahindi kwa mstari. *Mikanda imekaguliwa? Ndiyo. Maji ya mashine yamebadilishwa? Ndiyo. Kichujio kipya kimewekwa?* Tiki.

Haukuwa uongo wa kukusudia, alijiambia baadaye. Mkono ndio uliopiga tiki. Lakini mkono ulikuwa wake.

Aliyepokea zamu alikuwa Mama Pacha. Mpira wa Refa ulikuwa umelazwa juu ya taulo lililokunjwa, na upande mmoja wa taulo umeufunika, usimvute mzee shingo. Kwa nesi mwingine yeyote Mama Pacha angelifunua taulo akajionea kwa macho. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake, na ilikuwa inawaudhi wengi. "Mama Pacha haamini hata kivuli chake," walisema. Siku hiyo alisoma karatasi, akaona tiki ni ya nani, akatabasamu, akapita. Jioni Refa alipatwa na hofu, akaanza kuing'ang'ania barakoa aivue. Mama Pacha alivuta kiti, akakaa naye saa mbili nzima, amemshika mikono, uso kwa uso, matundu ya pumzi yakimpulizia kidevuni.

Wakati huo Injinia alikuwa nyumbani, anaoga. Sabuni ikiwa kichwani, akakumbuka.

Alitoka bafuni na povu masikioni, akashika simu. Namba ya wodi aliijua kwa moyo. Maneno yenyewe yalikuwa machache: fungueni taulo, wekeni kichujio. Lakini kidole kilisita. Aliwaza yule atakayepokea, aliwaza atakavyogeuka na kuwaambia wenzake, "Jamani, Injinia leo kachemsha!" Akawaza kicheko. Akarudisha simu mezani. Saa chache tu, alijifariji, na wote wamevaa barakoa.

Kesho yake Refa akatolewa kwenye mashine, amepata nafuu. Aliyefungua ile mipira na kuisafisha alikuwa Injinia mwenyewe. Hakuna jicho lililoona pengo. Refa alikwenda nyumbani kwa miguu yake, na mlangoni aliinua mkono mtupu akawaonyesha kadi wote. Ya rangi gani, hakuna aliyejua.

Siku ya tano, Mama Pacha alishikwa na homa. Ya saba, mama mkwe wake, anayeishi naye nyumba moja, akaanza kukohoa. Ya nane, Mama Pacha mwenyewe aliletwa kwa kiti cha magurudumu, akalazwa kitanda namba tatu.

Siku hiyohiyo Metroni aliitisha kikao cha wafanyakazi wote. Hakuwa mtu wa kuonea, lakini alikuwa mtu wa karatasi, na karatasi zilimwambia kila kitu kilikuwa sawa. Mikanda sawa. Maji sawa. Kichujio sawa. "Sasa homa imepitia wapi?" aliuliza.

Nesi mmoja akainua mkono. "Metroni, mimi sipendi kusema watu. Ila nilimwona kwenye korido ameshusha barakoa, anakunywa maji."

Korido ilikuwa mbali na chumba kile, na kunywa maji hakukukatazwa huko. Lakini mtu akitafuta shimo, hata ufa unamtosha. Minong'ono ikazunguka. Miaka kumi na tisa! Mtu mzima! Anatukagua sisi kumbe mwenyewe...

Na hapo, kila mtu akitazama viatu vyake, Injinia alihisi macho yanaweza kumgeukia. Mdomo ukamtoka mbio kuliko akili. "Basi Mama Pacha kajifungua pacha wa tatu," alisema. "Huyu jina lake Homa."

Wakacheka. Walicheka kicheko cha watu walioogopa, kilichopasuka ghafla na kukatika ghafla, hata Metroni akaficha mdomo kwa kalamu. Kesho yake asubuhi mzaha ulikuwa umefika jikoni. Mchana wake ulikuwa umefika getini, ambako kila siku saa kumi alasiri mume wa Mama Pacha, seremala mkimya mwenye vumbi la mbao nyusini, alileta nguo safi za mkewe. Mlinzi alimsimulia kama kichekesho. Seremala hakucheka. Tangu siku hiyo, kila nesi aliyepita pale alimsimamisha na kumwambia, kofia mkononi, "Mtusamehe, jamani. Mwenzenu ameteleza."

Injinia naye alisimamishwa. Aliitikia, "Usijali, mzee." Kisha alikwenda chooni akakaa humo mpaka miguu ikafa ganzi.

Asubuhi ya siku hiyo ya kumi na moja, Metroni alimwita ofisini, akampa karatasi iliyotiwa ndani ya mfuko wa plastiki usioingia maji.

"Wewe uko chumba cha ndani leo. Mpe Mama Pacha aisome, aweke sahihi. Nakala hii ikiingia kwenye maambukizi haitoki tena, itabaki humo. Mimi nitaiona kupitia kioo."

Injinia akaisoma. *Taarifa ya Maambukizi Kazini.* Chini, kwenye *Sababu*, iliandikwa kwa mwandiko mzuri: *Uzembe wa mhusika katika kutumia kinga.* Na chini zaidi: *Mhusika hatapangiwa tena kazi katika vyumba vya wagonjwa wa mashine za kupumulia.*

"Metroni, hii si... si nzito kidogo?"

"Nzito." Metroni alivua miwani, akasugua macho. Alionekana hajalala. "Unadhani naipenda? Huyu ndiye aliyenifundisha mimi pia. Lakini nikifunika la mkubwa, kesho nitamwambia nini mdogo? Wewe karatasi zako zote ziko safi, Injinia. Laiti wote wangekuwa kama wewe."

Watu husema uso umeumbwa na haya. Wa Injinia ulikuwa nyuma ya barakoa, na kwa mara ya kwanza aliishukuru.

Ndivyo alivyofika pale, na karatasi ile mkononi, mkanda wa kushoto umekwisha kukazwa, na neno *baba* likimtazama kutoka kwenye ubao.

"Mama," alisema, "Metroni ameleta hii. Usome. Si lazima leo."

Mama Pacha aliichukua, akaitoa kwenye plastiki, akaisogeza karibu na macho. Alisoma polepole, mashine ikimpandisha na kumshusha kifua kama mtu aliye juu ya maji. Alipofika mwisho hakuonyesha hasira. Alifuta ubao kwa kiganja, akaandika, akafuta kwa kuwa herufi zilipinda, akaandika tena.

*Sijui niliteleza wapi. Nimerudia siku ile kichwani mara mia. Lakini kama karatasi zenu ziko sawa, basi ni mimi.*

Akageuza ubao upande wa pili.

*Nimempelekea mama mkwe ugonjwa. Nimeiaibisha wodi. Niombee radhi kwa wenzako, mwanangu.*

Kisha akanyoosha mkono kuomba kalamu ya kusainia.

Injinia alimpa. Aliona mkono wake mwenyewe, wenye glavu jozi mbili, unamkabidhi kalamu, kama vile ulivyopiga tiki, kama vile ulivyorudisha simu mezani. Aliona ncha inagusa karatasi. Herufi ya kwanza ya sahihi ya Mama Pacha ikaanza kujiviringisha, taratibu, safi, mwandiko wa mtu aliyeandika ripoti za zamu kwa miaka kumi na tisa bila kudanganya mstari mmoja.

"Usisaini!"

Alilitamka kwa nguvu kiasi kwamba mgonjwa wa kitanda namba nne akafungua macho.

Mama Pacha akasimamisha kalamu.

"Usisaini, Mama. Si wewe." Akaifunika karatasi kwa kiganja. "Kichujio cha Refa. Nilikitoa. Kilikuwa kimelowa, mashine inalia, ufunguo haupo. Nikasema nitaweka kipya. Sikuweka. Halafu nikapiga tiki. Wewe ulikaa naye saa mbili, na kichujio hakikuwepo. Hakikuwepo kabisa, Mama."

Alitarajia machozi. Alitarajia labda kofi. Angelipokea kwa mikono miwili. Mama Pacha hakufanya lolote kati ya hayo. Alimtazama tu, mashine ikihema kwa niaba yake, mara moja, mara mbili, mara kumi. Kisha akaandika kwa haraka, mwandiko wa mtu aliye kazini.

*Saa ngapi ulikitoa?*

"Saa tano. Asubuhi."

*Ulikumbuka lini?*

"Jioni ileile. Magharibi."

*Ulipiga simu?*

Akatikisa kichwa.

Kalamu ilisimama. Kisha: *Wewe ulipima?*

Hili ndilo alilokuwa amejikataza hata kulikumbuka. Siku ya tatu baada ya kosa lile, alivaa kofia mpaka kwenye nyusi, akaenda zahanati ya upande wa pili wa mji, akatoa jina la kaka yake, akapimwa. Alikutwa hana. Alitoka pale anapiga mluzi.

"Nilipima," alisema. "Kwa siri. Sikuwa nayo."

Mama Pacha alifumba macho. Kati ya yote aliyoyakiri, hili ndilo lililompiga. Injinia aliliona likimwingia, akaelewa kwa nini. Aliyesahau anaweza kusema nilisahau. Aliyekwenda kujipima alijua. Alijua vya kutosha kujiokoa mwenyewe, akawaacha wenzake waendelee kuvuta hewa ileile.

Macho yalipofumbuka yalikuwa makavu. Akaandika: *Nani mwingine aliingia zamu ile?*

Injinia aligeuka kuutazama mlango. Siku kumi na moja alikuwa amebeba aibu yake kama mtu anayebeba yai, akiilinda isivunjike, akilala nayo, akiamka nayo, na hata mara moja hakuwa amejiuliza swali hilo. Aliwaza jina lake. Katika saa zake njema aliwaza jina la Mama Pacha. Hakuwahi kuwaza mlango ule, na nani mwingine aliusukuma.

"Mama wa usafi," alisema polepole. "Huwa anapiga deki saa kumi na moja."

*Yuko wapi?*

"Hajaja kazini tangu juzi. Wanasema... wanasema ana mafua."

Mama Pacha aliinua mkono wenye sindano ya dripu, akanyoosha kidole ukutani, kwenye intakomu. Ukibonyeza kitufe chake, sauti yako inatokea kwenye meza ya manesi, kwa wote walio pale. Ilikuwa inakaribia saa nane. Nyuma ya kioo, zamu mbili zilikuwa zimekutana, watu tisa au kumi, karatasi mikononi, wanataniana. Metroni alikuwa katikati yao.

"Nikitoka nitamwambia Metroni ofisini," Injinia alisema. "Nikivua tu hii kinga. Dakika kumi."

Kidole hakikushuka.

"Mama, mbele ya wote?"

Aliandika neno moja, akalipigia mstari: *Dakika.*

Alielewa. Dakika kumi nyingine. Alikuwa ameshazitumia dakika kumi mara moja.

Akaenda ukutani. Hatua zenyewe zilikuwa nne tu, lakini alizihisi kama za mtu anayevuka uwanja uliojaa watazamaji akiwa amepasuka suruali. Akabonyeza. Kule nje kikasikika kile kikwaruzo cha kawaida, vichwa vikageuka.

"Ehee, Injinia!" mmoja akaitikia. "Mashine inalia? Au unataka makofi?"

"Metroni," alisema. "Karatasi ya Mama Pacha haina ukweli. Na yangu haina ukweli."

Utani ukafa. Metroni akasogea kwenye kioo.

"Sema vizuri."

Akasema. Kichujio, saa, tiki, taulo, simu aliyoirudisha mezani. Sauti yake ilimrudia kutoka upande wa pili wa kioo, imechelewa kidogo, kama vile kuna mtu mwingine anayemsengenya. Aliona nesi aliyetoa habari ya korido akijishika mdomo. Aliona mwingine, aliyeupeleka ule mzaha jikoni, anageuka kutazama ukuta.

"Rudia hapo kwenye tiki," alisema Metroni.

"Nilipiga tiki na kichujio hakipo."

"Rudia."

"Nilipiga tiki, Metroni, na kichujio hakipo. Na mama wa usafi aliingia humu jioni ile. Anaumwa. Hayo si mafua. Apimwe leo, na wote wa nyumbani kwake. Na Refa apigiwe simu, kama kuna ndugu aliyeingia kumwona jioni ile naye apimwe."

Metroni hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. Aligeuka, akatoa amri mbili. Mtu mmoja akachukua simu, mwingine akachukua funguo za gari la wagonjwa akatoka mbio. Kisha akarudi kwenye kioo, akamtazama Injinia kama mtu anayesoma namba asizoziamini.

"Ukivua kinga, usiende nyumbani," alisema. "Uje ofisini. Na ile karatasi..." Sauti ikamlegea kidogo. "Mwambie Mama Pacha aichane. Mwambie mimi nitakuja mwenyewe, nimwombe radhi kwa mdomo wangu."

Injinia aliachia kitufe. Mgongo ulikuwa umelowa chini ya gauni. Aligeuka, akiwa na tumaini la kitoto, tumaini la mtu aliyetapika sumu na sasa anangoja kuambiwa pole.

Mama Pacha hakumwambia pole. Karatasi alikuwa ameshaichana, vipande viko mapajani mwake. Jicho moja lilikuwa limelowa na alilifuta kwa kona ya shuka, upesi, kama anafuta vumbi.

"Mama, nisamehe."

Alifikiri. Kuna watu ambao wangeandika *nimekusamehe* kwa kuwa ndiyo adabu, na kwa kuwa kijana mwenyewe anatia huruma, amesimama na mikono kama matawi yaliyovunjika. Yeye aliandika: *Bado.*

Akafuta. Akaandika tena, na safari hii aliandika kwa muda mrefu, akipumzika kati ya maneno.

*Mume wangu anaomba radhi getini kwa kosa ambalo sikulifanya. Mlinzi ameniletea salamu zake. Nimesikia na lile la pacha wa tatu.*

Injinia alisoma, akaona kuna kiasi cha joto ambacho uso wa binadamu unaweza kubeba, na kwamba yeye alikuwa amekipita.

"Lile nililisema mimi."

*Najua. Nani mwingine ana mdomo huo?*

Kama ilikuwa mzaha, haukuwa wa kumchekesha. Aliulaza ubao kifuani, akamtazama. Hakuomba kitu. Alingoja, kama alivyozoea kungoja zamani, kijana akiwa na sindano mkononi na hajui mshipa uko wapi.

Injinia alipiga goti kando ya kitanda, ili macho yao yalingane.

"Saa kumi akija getini, Mama, atanikuta nimeshasimama. Sitamtuma mtu, sitaandika barua. Nitamwambia mbele ya mlinzi na mbele ya kila atakayekuwepo: mkeo hakuteleza, niliteleza mimi, na mama yako anakohoa kwa sababu yangu. Akinipiga sitainua mkono. Na akiniuliza nimekaa kimya siku ngapi, nitamwambia kumi na moja, na nitamtajia kila siku nilifanya nini. Nakuahidi."